Koma Katikati ya Bei

…dola sitini na moja, sitini na moja tupu, siyo elfu sitini na moja, bei ya jozi ya viatu, na programu iliyosema hivyo nimeiandika mimi kwa vidole hivi hivi, na sasa simu iko sikioni na upande wa pili Mama Cherehani, mshona nguo, jirani wa baba mdogo, anapanda ngazi za jengo lao, nasikia kandambili zake, kofi, kofi, kofi, kila kofi linatua shavuni kwangu, "Nakuja, usikate," anasema, sikati, nitakataje, "Kwani kuna nini huko juu?" anauliza, na nilishamwambia alipopokea lakini kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuielewa, kwa hiyo narudia, "Baba mdogo hapokei simu, mama, inaita mpaka inakatika, nenda tu ukamgongee mlango, tafadhali," na yeye anasema, "Haya," haya tu, Mama Cherehani ambaye siku nyingine ukimpigia kuuliza kama sketi yako imekwisha anakusimulia ya jirani na ya jirani wa jirani, leo haya tu, basi hofu yangu imemfikia kabla ya maneno… ee Mungu mfikishe, ngazi zile ni ndefu na taa ya katikati iliungua zamani na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha… "Umeshatuma?" bosi anauliza nyuma yangu, amesimama karibu mno, nasikia harufu ya kahawa yake, natikisa kichwa, bado, maana yeye mwenyewe bado anayapanga maneno, kila nikikaribia kubonyeza ananiambia subiri, badilisha hapa, na kwenye kioo changu kisanduku cha ujumbe kiko wazi, Ndugu mteja, kutokana na hitilafu kwenye chanzo cha nje cha taarifa, baadhi ya bei zilizoonyeshwa asubuhi hii huenda zimetofautiana kidogo na uhalisia, kidogo, anasema kidogo, kama mtu aliyekuta paa la nyumba liko kwa jirani akasema limesogea kidogo, na kale kakijiti ka kuandikia kanawaka na kuzima mwisho wa sentensi, kanawaka, kanazima, kama mtu anayengoja jibu.

Na kilichotokea ni kidogo kweli, hicho ndicho kinachoniua, ni alama moja, kinukta chenye mkia, kila dakika programu yangu inakwenda kwenye seva ya watu nisiowajua, inabisha hodi kwenye ile API yao, dirisha lao la kutolea taarifa, inauliza ile sarafu kubwa ya mtandaoni ni dola ngapi sasa hivi, inajibiwa kwa kifurushi cha maandishi, mabano yanafunguka, jina upande huu, thamani upande ule, mabano yanafungwa, kitu kisafi kama kabati la nguo lililopangwa na mtu mwenye subira, mimi natoa bei, naipima na ile ya dakika iliyopita, ikiwa imeporomoka kupita kiasi nilichoweka basi programu inawatumia ujumbe wa simu wote waliojiandikisha, TAHADHARI, bei imeanguka, sasa ni kadhaa, na nilijivunia, nani asingejivunia, nilimwonyesha hata baba mdogo kwenye kompyuta akasema, "Kwa hiyo umefuga mbwa wa kubweka," nikamwambia ndiyo, mbwa wa kubweka… na leo asubuhi wale watu wa seva wakaamua kuipamba namba, sijui nani aliwaambia, badala ya namba kavu kama ilivyokuwa siku zote wakaileta kama maneno, ndani ya alama za kunukuu, na koma baada ya elfu ili macho ya binadamu yasichoke, na programu yangu haina macho ya binadamu, inasoma tarakimu kutoka kushoto, sita, moja, halafu inakuta koma, na ikikuta kitu kisichokuwa tarakimu inasimama na kuridhika na ilichopata… sitini na moja… nilipokuwa mdogo mama mdogo alikuwa akisema "Koma!" mara moja tu, hata kama mkono ulikuwa hewani juu ya sufuria unabaki hewani, basi programu yangu imelelewa vizuri, imeambiwa koma ikakoma, na kilichobaki upande wa pili wa koma kikamwagika, na mbwa akabweka, akawabwekea watu wote kwa wakati mmoja.

Nimeshaizima, niliizima kabla hata sijaelewa, kama unavyorudisha mkono kwenye moto, lakini ujumbe haurudi, neno ukilitema hulimezi, sasa hivi liko kwenye mifuko ya watu, kwenye mikoba, juu ya meza za watu, kwenye mto wa kitanda cha mtu aliyelala mchana kwa sababu anafanya kazi usiku, na liko kwenye simu ya baba mdogo, na baba mdogo hapokei… "Nimefika ghorofa ya pili," anasema Mama Cherehani, "hebu nipumue," na mimi nasema, "Pumua mama, pumua," huku moyo unasema usipumue, panda, panda… daktari alisema nini, alinishika bega nje ya wodi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo, mimi ndiye mtoto, ingawa sikuzaliwa naye, alinichukua baba yangu alipofariki na hakuwahi kunitofautisha na mtoto wa tumbo la mkewe, daktari akasema moyo wake sasa ni wa kubembelezwa, asibebe vizito, asigombane, na habari za ghafla msimpe, hata zikiwa nzuri, mpeni kidogokidogo, na mimi nikaitikia kama mwanafunzi, nikanunua dawa, nikamsaidia kuuza mashine yake ya kuchongea vyuma kwa sababu chuma hakichongwi na mtu asiyebeba vizito, siku walipokuja kuichukua alisimama mlangoni mwa karakana akifuta mikono kwa kitambaa, akifuta na kufuta, na mikono ilikuwa misafi… na fedha ya mashine akaiweka kwenye sarafu, nilimwambia weka kidogo tu, akaniambia, "Kidogo ni nini, nusu ya mashine? Nusu ya mashine haichongi kitu," akaweka yote, kwa sababu aliona mtoto wake anafanya kazi huko, na mahali mtoto wako anapofanya kazi huwezi kupaogopa… na tangu hapo bei ameipa jina, anaiita mgonjwa, kila asubuhi ananiandikia, Mgonjwa ameamkaje, na mimi namjibu, leo asubuhi nimemjibu, Amekunywa uji na anacheka, na saa haijapita programu yangu ikamwambia mgonjwa amekufa.

Anasoma kwa sauti, hilo ndilo ninaloliona, anashika simu mbali na macho, mkono umenyooka wote kama anamwonyesha mtu, midomo inacheza, ta-ha-dha-ri, anasoma mpaka mwisho hata matangazo ya kampuni ya simu anayasoma mpaka mwisho, bei imeanguka, sasa ni sitini na moja, halafu… siku mama mdogo alipofariki walimpigia simu kutoka hospitali na mimi nilikuwa naosha vyombo, nilimwona, hakupiga kelele, aliiweka simu mezani taratibu kama kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akavuta kiti kana kwamba anataka kukaa, halafu hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni, mtu mzima na suruali yake ya kazi, akaegemea mguu wa meza, na nikamwita na hakugeuka… na sasa hivi huenda, sasa hivi wakati bosi anasema, "Hapo kwenye kidogo weka kwa muda mfupi, inasikika vizuri zaidi," sasa hivi huenda yuko sakafuni, "Tusiseme ni sisi," bosi anasema, sauti yake imepanda kidogo na najua kwamba naye anaogopa, shingo yake imelowa, ana mke na wadogo zake wote wanamtegemea, "Tukisema ni sisi tumekwisha, unanielewa, chanzo ni cha nje, na kweli ni cha nje, hatudanganyi," na ni kweli, hatudanganyi, wao ndio walioweka koma, lakini mimi ndiye niliyepokea mgeni bila kumtazama usoni, mstari mmoja tu, mstari mmoja wa kuuliza hii ni namba kweli, na je, inawezekana kweli kitu cha maelfu kiwe cha makumi kwa dakika moja, hata muuza mchicha ukimwambia fungu sasa ni bure atakuuliza kwa nini… Chiriku, anayehudumia wateja kwenye meza ya dirishani, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, leo anasoma kwa mnong'ono, "Huyu anauliza, ni kweli jamani? Huyu mwingine ameandika mungu wangu tu, herufi kubwa zote. Huyu anasema kuna mtu yuko tayari kununua sarafu zake zote sasa hivi, auze?" na bosi anamwambia, "Usijibu kitu," na mimi nataka kupiga kelele asiuze, bei iko palepale, hakuna kilichoanguka, lakini mdomo wangu ni wa simu, mdomo wangu uko kwenye ngazi.

"Nimefika," anasema Mama Cherehani, na nasikia ngo, ngo, ngo, mbao ile ya mlango wetu, naijua sauti yake, ina uwazi katikati, "Hodi! Hodi humu!" kimya, "Hodi, fundi!" kimya, "Mama, jaribu kitasa," nasema, na nasikia kitasa kinavyozunguka, "Umefungwa kwa ndani," anasema, kwa ndani, basi yumo, yumo na haitikii, "Redio inasema," anasema, "na… ngoja… nasikia maji," maji gani, "maji yanamwagika, mwanangu," na sasa namwona, simtaki lakini namwona, bafu lile lenye kigae kilichovunjika, bomba limeachwa wazi, mkono, mkono ule wenye kovu la chuma, maji yanaupitia mkono na hauondoki, na nasema, "Gonga kwa nguvu," nasema au nalia, sijui, Chiriku ameacha kusoma ananitazama, "Gonga mama, vunja, nitalipia mlango," na bosi ananigusa bega, "Ni nani huyo, ni mteja?" na nasema, "Ni baba yangu," siyo baba mdogo, nimesema baba yangu, na mkono wake unaondoka begani kwangu polepole… ngo ngo ngo ngo, anagonga sasa kwa kitu cha chuma, huenda mkasi, "Fundi! Fungua! Fundi!" na mimi nafanya biashara, ndivyo hofu inavyomfanya mtu, mchuuzi, naahidi, nitaacha kazi hii, nitakwenda kila jioni badala ya kumwandikia vijineno vya mgonjwa, nitampikia, hata ile redio yake sitaipunguza sauti, chukua chochote, chukua mashine, chukua sarafu yote iwe sitini na moja kweli, iwe sifuri, lakini huyu… na katikati ya biashara hiyo nasikia komeo, chuma juu ya chuma, na sauti, "Nani anabomoa mlango wa watu? Kuna moto?"

Sauti yake, imekasirika, haijawahi kunifurahisha hivi sauti iliyokasirika, "Umetutia roho mkononi wewe mzee," anasema Mama Cherehani, "mwanao yuko kwenye simu analia," "Analia nini?" "Sijui, shika," na kuna mkwaruzo, na pumzi ninayoijua, "Ee, mwanangu, nina povu mpaka masikioni, sioni hata simu yenyewe," na nafuta machozi kwa kiwiko, "Haloo? Nani amekufa?" "Hakuna," nasema, "hakuna aliyekufa, simu yako iko wapi?" "Iko kwenye koti, koti liko msumarini, mtu akioga anaoga na simu?" "Usiisome," nasema, "kuna ujumbe umeingia, ni wa uongo, ni programu yangu imekosea, bei haijaanguka, mgonjwa mzima wa afya, umenielewa, usiogope," na namsikia anavuta pumzi kwa pua, moja, nyingine, nazisikiliza kama daktari, na anasema, "Sasa mimi nitaogopa nini na sijasoma? Anayeogopa ni wewe. Nenda kanywe maji," halafu, "Ngoja nikamalizie, sabuni inanichoma," na kicheko kidogo, simu inarudi kwa Mama Cherehani, na nyayo zilizolowa zinaondoka, chwa, chwa, chwa, na nalaza paji la uso mezani, juu ya funguo za kibodi, na kwenye kisanduku cha ujumbe herufi za ovyo zinajiandika zenyewe, hhhhhh.

Yamekwisha, nasema moyoni, nimekwisha kuogopa, sasa nitafuta kamasi na kutuma hicho kidogo cha bosi, na nasema, "Mama, ahsante, Mungu akubariki, nimekusumbua, rudi kwenye kazi yako," na nadhani Mama Cherehani amekata, lakini hajakata, nasikia anashuka ngazi moja, anasimama, "Huo ujumbe," anasema, "huo ulioutaja, ni ule wa tahadhari?" na naibana simu sikioni, "Maana na mimi ninao," anasema, "fundi aliniingiza mwaka huu, aliniambia programu ni ya mwanawe, tukaweka akiba ya yule mdogo aanze chuo," na anasema polepole, kama mtu anayetoa pini moja moja mdomoni, "nilikuwa nimeushika mkononi ulipopiga. Nikaona jina lako. Nikasema ahaa, ananipigia aniambie." Anameza mate. "Nilidhani umenipigia mimi." Nimempandisha ngazi zote zile, mtu ambaye dakika hiyo hiyo programu yangu ilikuwa imemwambia mtoto wake hatasoma, na alipanda, alisema haya akapanda, akagonga mlango wa mtu mwingine, "Kwa hiyo ni uongo?" anauliza, "Ni uongo, mama, bei iko vilevile, ni koma tu, programu yangu imesoma vibaya koma," "Koma ndiyo nini?" "Ni alama tu, haina kitu, akiba yako ipo yote," "Apa," "Naapa kwa mama mdogo aliye kaburini," na hapo ndipo anapolia, siyo kabla, analia kwenye ngazi ile isiyokuwa na taa, na mimi nimeshika simu kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mwenzake asianguke.

Na inanijia, haiji kama wazo, inakuja kama ubaridi unaopita chini ya mlango, kwamba upande wa kulia wa kioo changu kuna orodha ya waliojiandikisha, na ile orodha mimi siku zote nimeiona kama namba, nimeipanga kama namba, nimeifupisha ili programu iende haraka, na kila mstari ni mtu aliyeushika ujumbe wangu mkononi, yuko kwenye ngazi fulani, kwenye chumba fulani, ana moyo ambao kwa ajili yake daktari fulani alimshika mtu bega akamwambia msimpe za ghafla, na hakuna anayekwenda kuwagongea, mimi nimempata wangu, povu mpaka masikioni, anacheka, nimempata na nikataka kufunga duka… hofu ilikuwa na uso mmoja, sasa haina uso, imekuwa kubwa kuliko chumba hiki… kwenye meza ya Chiriku simu ya ofisi inaanza kuita, ile ya waya, inaita kwa ukali, na Chiriku anainua mikono yake kama mtu aliyesogezewa kikaango cha moto, "Acha iite," bosi anasema, "iache, mpaka tukubaliane la kusema," na mimi naweka simu yangu begani, naibana kwa shavu, bado Mama Cherehani yumo, anavuta kamasi, nafuta hhhhhh, nafuta kidogo, nafuta chanzo cha nje, nafuta mpaka Ndugu mteja, naandika, Bei haijaanguka. Programu yetu imesoma vibaya. Usiuze. Pole sana kwa tulivyokutisha. Ukitaka kuuliza, piga, tutapokea, na nabonyeza, na bosi anasema, "Umefanya nini?" siyo kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyeona glasi inaanguka, "Umeandika tutapokea? Nani atapokea?" na simu inaita, na sikioni mwangu Mama Cherehani anasema, "Huko kwenu kuna simu inalia, mwanangu," "Naisikia, mama," "Basi si mpokee," na Chiriku ananitazama, na ninanyoosha mkono juu ya meza yake, juu ya chai yake iliyopoa, sijui ni nani, huenda ni mtu wa kutukana, huenda ni yule aliyetaka kuuza, huenda ni mtoto wa mtu anayepiga kwa simu ya baba yake kuuliza baba yake amesoma nini, nainua, naiweka kwenye sikio la pili, "Haloo," nasema, na upande wa pili kuna mtu anapumua tu, hasemi kitu, na mimi simharakishi.